Sindano kwenye Mkono wa Kuzalishia

Barua ya zahanati ilipofika, Heulwen aliisoma mara mbili akiwa amesimama, kisha akaichomeka nyuma ya saa ya jikoni, mahali ambapo katika nyumba ile huwekwa barua zisizotakiwa kujibiwa. Ilisema kwamba kwa kuwa ametimiza miaka sitini na mitano, anastahili chanjo ya mkanda wa jeshi. Apige simu apangiwe siku.

Neno "anastahili" ndilo lililomtia shaka.

"Miaka yote hii sijastahili chochote ila barabara yenye mashimo," alimwambia mumewe, Idwal. "Leo wamenikumbuka?"

Idwal alikuwa anakoroga chai. "Ungeupata huo mkanda, usingeuliza."

"Sikuuona mimi? Nani alikuwa anakupaka dawa?"

Aliuona vizuri. Machi iliyopita, katikati ya msimu wa kondoo kuzaa, Idwal aliamka na malengelenge yaliyoanzia kwenye nywele, yakateremka paji la uso mpaka jicho la kulia. Alilala wiki tatu mapazia yamefungwa. Mlango ukifunguliwa, ule upepo tu ulimtoa machozi. Mpaka leo jicho hilo linaona kama linachungulia kupitia maziwa. Wiki tatu hizo Heulwen aliwazalisha kondoo peke yake, akala amesimama, akalala na viatu. Mtu angedhani mwanamke aliyepitia hayo angekimbilia chanjo. Lakini Heulwen alikuwa na kisa chake na sindano.

Si kwamba aliziogopa. Kila mwaka yeye na Idwal walichoma kondoo wote wa shamba lao, Hafod Rudd, mmoja mmoja, na kila aliyekwisha kuchomwa alipuliziwa mstari wa rangi ya buluu mgongoni asije akachomwa tena. Alijua mnyama akichomwa asubuhi, jioni huchechemea, hali chakula, amejitenga kwenye ukuta wa mawe kama aliyetukanwa. Na miaka tisa iliyopita, walipokuwa wanachoma dawa ya kwato, kondoo mmoja alirusha teke na sindano ikazama kwenye kidole cha shahada cha mkono wake wa kulia. Alipiga simu kuuliza. Sauti ya mtu asiyemjua ikamwambia, "Ni mchomo mdogo tu, nawa na sabuni." Kesho yake kidole kilikuwa kimevimba kama soseji, na daktari wa upasuaji akakipasua toka juu hadi chini. Kilipona, lakini ncha yake ilikufa ganzi, na vile viwili vya jirani vikabaki vizito. Tangu siku hiyo, mtu akimwambia "mchomo mdogo tu," Heulwen hutazama mlango ulipo.

Kwa hiyo aliiacha barua nyuma ya saa. Wiki ya pili simu ikalia.

"Tunakukumbusha miadi yako, Bi Heulwen. Alhamisi, tarehe kumi na mbili Machi, saa tatu na nusu."

"Miadi gani? Mimi sijapiga simu."

"Amepiga binti yako, Mererid."

Heulwen alishukuru kwa adabu, akakata simu, akaenda moja kwa moja kwenye saa. Barua ilikuwepo, ila imegeuzwa. Yeye aliichomeka maandishi yakitazama ukuta, na sasa yalitazama saa. Mererid alikuja kula Jumapili. Kwa hiyo alipekua.

Mererid alikuwa mtoto wao wa pekee, miaka thelathini na saba, mfanyakazi wa ofisi ya halmashauri mjini, mwendo wa saa moja na nusu. Mtoto mwema. Lakini mwaka jana baba yake alipokuwa kitandani, aliweka kijiko chini na kusema, "Mama, hivi mtaendelea hivi mpaka lini?" Alisema kwa upole. Heulwen angependa angesema kwa ukali, maana ukali wa mtu unapoa, lakini jambo lililosemwa kwa upole limefikiriwa.

Na mwaka huu amekuwa na maswali. Kondoo wenye mapacha ni wangapi? Wako malisho gani? Wanalishwa saa ngapi? Anauliza huku anaandika kwenye simu, na mama yake akisogea, simu inageuzwa kifudifudi mezani. Mtu anayehesabu kondoo asiowalisha anataka nini kama si kuwauza? Heulwen aliunganisha: maswali, barua, miadi iliyowekwa siku nane tu kabla ya msimu kuanza. Nikiugua, alijiambia, atasema, mnaona sasa? Hamuwezi tena. Na hapo Hafod Rudd imekwisha, nyumba na mlima na kondoo, kila kitu alichokishika kwa mikono yake tangu alipoolewa na miaka ishirini na miwili.

Jumapili baada ya ibada, jirani yake Morfydd akaongeza kuni.

"Mimi ilinilaza siku tatu, mwenzangu. Nilitetemeka mpaka meno ya bandia yakawa yanagongana kwenye glasi."

"Yakiwa kwenye glasi, yaligonganaje na wewe uko kitandani?"

"Ndiyo ujue nilivyotetemeka!"

Wanawake wakacheka kwenye ngazi za kanisa. Heulwen alicheka nao, lakini akakiweka kile kitu moyoni: siku tatu.

Alipima. Akikataa, yeye ni mzee mkaidi. Akikubali akalala, yeye ni mzee aliyekwisha. Kisha akatazama jicho la mumewe likitafuta kikombe mezani. Akaamua atachanjwa, na hataugua. Na akiugua, Mererid hataona.

*

Nesi Glesni alizaliwa bonde hilohilo, na Heulwen alimjua tangu anatambaa. Hilo halikumzuia kuchukua kiboksi cha dawa na kusoma tarehe.

"Ilikaa kwenye friji?"

"Ilikaa."

"Haikusahauliwa kwenye gari?"

"Haikusahauliwa, Bi Heulwen."

"Na sindano, unabadilisha kwa kila mtu?"

Glesni akaacha kuchanganya dawa. "Wewe si kondoo."

"Ndiyo maana nauliza. Kondoo mimi nabadilisha baada ya kila kumi."

Nesi akacheka mpaka akashika meza. "Haya, niambie, unatumia mkono gani?"

"Wa kulia," alisema Heulwen. Aliwaza kalamu na kijiko, na nani asingewaza hivyo?

"Basi tunachoma kushoto, maana utauma. Legeza bega. Ni mchomo mdogo tu."

Heulwen akatazama mlango. Ulikuwa mbali, na sindano ilikwisha kuingia.

Glesni akampa maelezo. Mkono utauma na kuwa mwekundu. Anaweza kupata homa, baridi, kichwa, uchovu, siku mbili, pengine tatu. Anywe maji, ameze paracetamol, mkono auchezeshe asiulaze tu. Ikizidi hapo, au akivimba uso au kubanwa pumzi, apige simu haraka. "Na ya pili ni baada ya miezi sita."

"Ya pili? Barua haikusema."

"Imesema. Ukurasa wa nyuma."

Mambo yao huwa ukurasa wa nyuma, aliwaza Heulwen, akafunga vifungo vya koti.

Alitambua kosa lake walipofika kwenye geti la shamba. Alishuka kumfungulia Idwal, akanyanyua mnyororo kwa mkono wa kushoto kama kawaida, na bega likamjibu. Akasimama pale, mnyororo mkononi, mvua inamnyeshea.

"Una nini?" Idwal aliteremsha kioo.

"Wamenichoma mkono wa kuzalishia."

Kwa maana mkono wa kulia ulikuwa wa kalamu na kijiko, lakini kondoo akikwama, ulioingia ndani ulikuwa wa kushoto. Kazi ile ni ya vidole. Hakuna jicho linaloona mle, vidole ndivyo vinavyosema huu ni mguu wa mbele, huu wa nyuma, kichwa hiki si cha miguu hii. Tangu sindano ya dawa ya kwato, vidole vya kulia vilikuwa vipofu, na Heulwen aliufundisha mkono wa kushoto upya kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika. Ulikuwa mwembamba na mwerevu, na majirani waliujua, waliupigia simu. Mikono ya Idwal ilikuwa mipana kama sepetu.

"Nani kawaambia wachome huo?"

"Mimi mwenyewe."

Idwal alijaribu kutocheka. Walipofika uani aliingia bandani, akatoka na kopo la rangi, na kabla hajazuiwa akapuliza mstari wa buluu kwenye mkono wa koti la mkewe.

"Wewe mzee una wazimu?"

"Aliyechomwa anatiwa alama. Mtu asije akakugonga hapo."

Angemjibu, lakini macho yake yalikuwa kwenye gari jekundu lililoegeshwa karibu na banda. Siku ya Alhamisi, saa tano asubuhi. Mererid alitoka jikoni amevaa buti za mpira, begi lake la nguo liko kizingitini.

"Nimechukua likizo, Mama. Nipo mpaka Jumatatu."

"Likizo ya nini?"

"Ya kupumzika."

Hakuna mtu aliyewahi kuja Hafod Rudd mwezi Machi kupumzika.

*

Jioni ile Heulwen alificha kadiri alivyoweza. Mkono ulikuwa wa moto, una duara jekundu pana kama sahani ya kikombe, mgumu katikati. Alishika bakuli la supu ya kondoo kwa mkono wa kulia na kusifu viazi. Baridi ilipoanza kumtambaa mgongoni alisema anakwenda kukunja nguo, akapanda kitandani na sweta mbili na soksi za Idwal.

Asubuhi hakukuwa na la kuficha. Kila kiungo kilimuuma, hata vile alivyokuwa hajui anavyo. Mererid aliingia na chai, vidonge viwili, kitambaa chenye maji ya baridi na kipimajoto.

"Thelathini na nane na nusu," alisoma, akaandika kwenye simu.

"Unaandika nini?"

"Muda uliomeza dawa."

"Nionyeshe."

"Mama, kunywa chai. Na ukunje mkono, ukunjue, nesi kasema usiulaze."

"Umeongea na nesi?"

"Kila mtu ameongea na nesi. Lala."

Akalala akiwa amefumbua macho. Alisikia Idwal akiondoka na mbwa wao Mot kwenda kuwateremsha kondoo wa malisho ya juu, kule ambako simu haishiki. Alisikia ndoo za kulishia zikigongana bandani, akazihesabu. Sita. Ndizo zenyewe. Nani kamwambia Mererid ni sita?

Kiasi cha saa nne akasikia sauti nyingine kutoka bandani, si mlio bali mkoromo wa chini, unaokatika na kuanza tena. Miaka arobaini na mitatu alikuwa anausikia mkoromo huo. Kondoo alikuwa anasukuma, siku saba kabla ya wakati, na alikuwa anasukuma bila kupata kitu.

Alivaa koti lenye mstari wa buluu juu ya gauni la kulalia, akatia miguu kwenye buti. Ua uliyumba. Akauvuka ameshika ukuta.

Mererid alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, mikono ya sweta imekunjwa, uso umempauka. Kondoo alilala ubavu mbele yake, ana doa la rangi ya chungwa mgongoni, alama ya mapacha. Simu ilikuwa juu ya mtumba wa nyasi kavu.

"Mama, rudi ndani!"

"Nipishe."

"Huna hata nguvu ya..."

"Nimesema nipishe, we mtoto!"

Alipiga magoti. Akauamrisha mkono wa kushoto, nao ukapanda mpaka kiunoni, ukakataa. Akaulazimisha, na maumivu yakamzungusha kichwa, vidole vikatetemeka kwa homa vikawa havishiki kitu. Basi akanawa wa kulia, akaupaka mafuta ya kulainisha, akauingiza. Joto, utelezi, kitu kigumu. Mguu? Goti? Pua? Vidole havikusema neno. Kondoo alikoroma, akageuza jicho lake la manjano kumtazama.

Heulwen alitoa mkono. Neno alilokuwa amelikimbia tangu barua ile lilikuwa limefika mdomoni, na mtu wa kulisikia alikuwa palepale.

"Siwezi," alisema.

Akangoja. Alijua kitakachofuata. Alikuwa amekisikia kichwani wiki tatu nzima, neno kwa neno.

Mererid alikuwa anakunja mkono wa sweta juu zaidi. "Basi nielekeze."

"Hujafanya hivi tangu shule."

"Ndiyo nasema nielekeze."

Heulwen alikaa kwenye nyasi, mgongo ukutani, akakishika kichwa cha kondoo kwa mapaja. "Paka mafuta mpaka kiwiko. Vidole pamoja, kama unaingia kwenye mtungi. Akisukuma, usishindane naye. Ngoja. Umegusa nini?"

"Miguu miwili."

"Ya mbele au ya nyuma?"

"Nitajuaje?"

"Fuata mguu mpaka kiungo cha pili. Vikikunjwa upande mmoja vyote viwili, ni wa mbele. Vikikunjwa kila kimoja upande wake, ni wa nyuma."

Mvua juu ya mabati.

"Huu vinakunjwa pamoja. Huu... hapana. Mama, mmoja ni wa mbele na mmoja wa nyuma."

"Ni wa watoto wawili hao, wamekwama mlangoni. Huo wa nyuma urudishe ndani. Polepole. Taratibu! Si kabati hilo!"

"Najua si kabati!"

"Sasa rudi kwa yule wa kwanza, tafuta mguu wa pili, kisha kichwa. Hakikisha ni chake. Teremka shingoni mpaka kifuani uone kama vinaungana."

"Vinaungana. Vinaungana, Mama!"

"Haya, mvute akisukuma. Elekeza chini, si kwako."

Alitoka wa manjano, amelegea, akalala kimya. Mererid alimtazama mama yake.

"Usinitazame mimi. Mfute pua. Chukua bua, mtekenye ndani ya pua."

Bua likaingia. Hakuna kitu. Likaingia tena. Mtoto akapiga chafya, akatikisa masikio kama mtu aliyeamshwa kwa ubaya, na kondoo akaanza kumlamba. Wa pili alikuja kinyume, miguu ya nyuma ikitangulia, na Heulwen akapaza sauti, "Huyu usingoje, vuta moja kwa moja, asije akanywa maji ya uzazi!" Akatoka mdogo kama paka, lakini alianza kulia mara tu kichwa kilipotoka.

Mererid aliketi chini, akawa anacheka na kulia kwa pamoja. "Maziwa ya kwanza," alisema ghafla, "friji ya banda, rafu ya chini," akainuka mbio.

Heulwen akabaki na simu iliyokuwa juu ya mtumba. Ilikuwa haijafungwa. Aliichukua. Mchana kweupe, bila haya.

Ilikuwa orodha. Ndoo sita asubuhi, sita jioni. Doa la chungwa, mapacha. Doa la kijani, mmoja. Maziwa ya kwanza, friji ya banda, rafu ya chini. Mama, vidonge saa mbili asubuhi, saa nane mchana. Mama akisema hajambo, mpime. Asiamke. Akiamka, mpe kiti. Na chini kabisa, peke yake: Kuzungumza nao kuhusu shamba. Si wiki hii.

Mererid alirudi na chupa, akamkuta anasoma.

"Kwa hiyo," alisema Heulwen, "jambo la shamba lipo."

"Lipo." Mererid hakuiomba simu yake. "Mwaka jana nilitaka muuze. Nilitaka sana. Nilikuwa nalala mjini nawaza nitawakuta mmeanguka humu."

"Na miadi uliiweka karibu na msimu kusudi."

"Ndizo siku nilizopewa likizo! Nilitaka ukiugua niwepo. Morfydd aliniambia habari za meno yake."

"Na mwaka huu? Unataka tuuze?"

Mererid alitazama mikono yake, myekundu mpaka kiwikoni. "Mwaka huu nataka kunawa kwanza, Mama."

Halikuwa jibu la kumtuliza mtu. Lakini Heulwen alikuwa amejiandaa kuambiwa, "Sijawahi kuwaza hilo," na hilo asingeliamini hata kwa kiapo. Hili aliliamini. "Kiti chenyewe kiko wapi?" alisema. "Imeandikwa nipewe kiti."

*

Homa ilishuka Jumamosi mchana, wakati Idwal anagombana na refa wa raga kwenye televisheni. Jumapili Heulwen alikula mkate wa zabibu na siagi, vipande vitatu. Mkono ulibaki na donge gumu, lakini ulipanda mpaka begani. Yule mdogo kama paka alikuwa ndani ya boksi karibu na jiko, akimpigia kelele kila mwenye chupa.

Jumatatu asubuhi, Mererid akiwa anapakia begi, Heulwen aliteremsha kalenda ya muuza chakula cha mifugo.

"Nikupigie simu zahanati kwa ile ya pili?" Mererid aliuliza.

"Nitapiga mwenyewe." Alifungua Septemba, kabla madume hayajaingizwa malishoni, akaandika kwenye Alhamisi ya tarehe kumi na saba kwa herufi kubwa: SINDANO. MKONO WA KULIA. Kisha akarudi Machi, penye Jumamosi mbili zilizobaki, akaandika kwenye kila moja jina la Mererid na alama ya kuuliza.

Binti alisoma juu ya bega lake. Alichukua kalamu, akazifuta alama za kuuliza.

"Kama utakuja kuhesabu kondoo, hesabu ukiwa na ndoo mkononi," alisema Heulwen.

"Ndiyo, Mama." Akamkumbatia, akikwepa upande wenye mstari wa buluu.

Heulwen alisimama getini mpaka gari jekundu lilipozama kwenye kona ya chini. Kisha akaenda bandani. Alifungua friji, akahesabu chupa kwenye rafu ya chini, akatazama ndoo, akatazama makopo ya rangi kama yamefungwa vizuri. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kama kwenye orodha ya Mererid.

Akahesabu tena.